Sikio la Mjukuu Limejibuje Naye Amelala?

Swali la msomaji: "Mimi ni mkazi wa Mombasa, lakini kwa sasa niko Leicester, Uingereza, nimekuja kumlea binti yangu aliyejifungua. Mjukuu alipokuwa na siku tisa alikuja mpimaji, akamtia sikioni kidude chenye kizibo laini, akaangalia kioo cha mashine kwa muda mfupi, kisha akasema masikio yote mawili yamejibu vizuri. Mtoto alikuwa amelala fofofo, hakutikisa hata kope. Nilipouliza yamejibuje, nikaambiwa mashine imesikia sauti iliyotoka ndani ya sikio lake. Je, sikio hutoa sauti, au nilisikia vibaya? Na kama hutoa, ndiyo hii inayonivumia mimi usiku? Nikimwekea mtoto sikio langu, nitaisikia?"

Jibu:

Mama, shikamoo, na hongera kwa kumpata mjukuu. Hukusikia vibaya, wala mpimaji hakuwa anakupa maneno ya kumridhisha mgeni. Sikio la binadamu lililo zima hutoa sauti yake lenyewe, hafifu mno, ambayo huanzia ndani kabisa, hupita kwenye vifupa vya sikio, huitikisa ngoma ya sikio kwa upande wa ndani, na kutokea kwenye tundu lile lile ambalo sauti za ulimwengu huingilia. Wataalamu huziita sauti za otoakustiki. Mimi hapa nitaziita sauti za sikio tu, maana jina lile halimsaidii mtu kuelewa lolote.

Kinachotutatiza wengi ni picha tuliyofundishwa shuleni. Tuliambiwa kwamba sauti huingia na kupiga ngoma, ngoma husukuma nyundo, nyundo husukuma fuawe, fuawe husukuma kikuku, kikuku hubisha hodi kwenye sikio la ndani, na habari hupelekwa kwenye ubongo. Katika picha hiyo sikio ni mlango ulioachwa wazi, halina kazi ila kupitisha. Hatua zote hizo ni za kweli, lakini zimeacha jambo moja kubwa: sikio la ndani hutumia nguvu yake lenyewe kuikuza sauti inayoingia, na hufanya hivyo mchana na usiku, mwenyewe akiwa macho au amelala. Sauti aliyoinasa mpimaji ni sehemu ndogo ya nguvu hiyo iliyovuja na kurudi nje. Nikishaeleza kwa nini sikio linahitaji nguvu, maswali yako mengine yatakuwa mepesi.

Sehemu ya sikio la ndani inayohusika na kusikia huitwa koklea. Ni mfereji uliojikunja mizunguko miwili na nusu kama gamba la konokono, umefukiwa ndani ya mfupa mgumu wa kichwa, na ukubwa wake hauzidi sana punje moja ya njugu mawe. Ukinyooshwa, urefu wake ni kama milimita 35. Umejaa majimaji, na ndani yake, kwa urefu wote, umetandazwa utando ambao mwanzoni ni mfinyu na mkakamavu, na kadiri unavyoingia ndani huwa mpana na mlegevu. Kwa sababu hiyo sauti nyembamba kama ya filimbi huutikisa zaidi karibu na mlango, na sauti nene kama ya msondo huutikisa mbali kule mwishoni. Juu ya utando huo zimepangwa seli zenye vinyweleo: safu moja upande wa ndani, yenye seli kama 3,500, na safu tatu upande wa nje, zenye seli kama 12,000. Kitendawili kiko hapa. Katika kila nyuzi 100 za neva zinazopeleka habari kwenye ubongo, takriban 95 zinatoka kwenye ile safu moja ya ndani. Zile safu tatu za nje, zenye seli mara tatu na zaidi, hazipeleki karibu chochote. Sasa wingi wote ule ni wa nini?

Kabla ya kulijibu hilo, niruhusu nirudi nyuma kidogo. Katika karne ya 19 Mjerumani Hermann von Helmholtz alidhani kwamba utando ule hufanya kazi kama nyuzi za ala ya muziki. Wewe ni mtu wa pwani, bila shaka umewahi kukaa karibu na kanuni ikipigwa kwenye taarabu. Kila uzi una sauti yake, na mtu akiimba karibu na kanuni iliyotulia, uzi wenye sauti sawa na yake hutetema wenyewe bila kuguswa. Helmholtz alisema ndivyo sikio linavyozichambua sauti. Wazo zuri, ila lina kasoro moja, nayo ni maji. Ukiizamisha kanuni kwenye karai la maji kisha ukaucharaza uzi, hautaimba, utatoa mtetemo mmoja mzito na kunyamaza. Utando wa koklea umezungukwa na majimaji, na kwa hesabu ya kawaida ungepaswa kutetema kwa uvivu vivyo hivyo na kuzichanganya sauti zilizokaribiana. Sikio lakini halizichanganyi: msikilizaji mzuri hutofautisha milio miwili ambayo mitetemo yake imepishana kwa chini ya asilimia moja.

Georg von Békésy, Mhungaria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1961, alichungulia koklea za maiti kwa hadubini, akaona kwa macho yake wimbi likisafiri juu ya utando kama linavyosafiri kwenye kamba iliyotikiswa ncha moja. Kazi yake ni msingi wa yote tunayoyajua, lakini wimbi aliloliona lilikuwa pana na goigoi, halilingani kabisa na wepesi wa sikio la mtu aliye hai. Wengi walijiridhisha kwamba kazi ya kunoa hufanywa na ubongo baadaye. Mmoja hakuridhika. Thomas Gold, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi ya rada wakati wa Vita Kuu ya Pili, alikuwa Cambridge akishirikiana na mwanazuolojia R. J. Pumphrey, na mwaka 1948 aliandika kwamba sikio haliwezi kuwa na wepesi huo bila kuwa na mtambo wa kurudisha nguvu inayonyonywa na majimaji.

Fikiria mtoto kwenye pembea siku ya Idi. Ukimsukuma mara moja ukaondoka, pembea hupungua na kusimama, kwa sababu hewa na minyororo huila nguvu yake. Ukisimama nyuma yake ukamsukuma kidogo kila anaporudi, kwa wakati unaofaa, msukumo wa kidole tu hutosha kumpeleka juu. Gold alisema kuna kitu ndani ya koklea kinachosukuma pembea kila mtetemo. Akaongeza jambo ambalo wakati huo lilionekana la ajabu. Mtambo wa namna hiyo, kama nguvu inayorudishwa ikizidi ile inayopotea, utaanza kulia wenyewe bila kuchochewa na sauti yoyote. Hili nalo umelisikia mara nyingi: kwenye harusi au mhadhara, kipaza sauti kikikaribia mno spika yake hutoa yowe la "wiii" linalowafanya watu wazibe masikio, kwa kuwa sauti ya spika inaingia tena kwenye kipaza sauti, inakuzwa, inatoka, inaingia tena. Kwa maoni ya Gold, sikio lililo hai linaweza kupiga yowe dogo la namna hiyo, na maikrofoni nzuri ingeweza kulinasa.

Hakusikilizwa, na baadaye alihamia kwenye elimu ya nyota, ambako alipata jina kubwa zaidi. Mwaka 1971 William Rhode wa Wisconsin, Marekani, aliupima utando wa koklea katika kima wadogo walio hai, akakuta kwamba hutetema kwa namna tofauti kabisa na wa maiti, na kwamba tofauti hiyo hupotea mnyama anapokufa. Kisha ikaja kazi ya David Kemp jijini London. Huyu alikuwa mwanafizikia ambaye hapo awali alitafiti mawimbi ya redio yanayozalishwa na radi, na nadhani hiyo ilimsaidia, maana mtu aliyezoea kutafuta mwangwi mdogo ndani ya fujo kubwa hatishwi na ishara dhaifu. Alifunga spika ndogo na maikrofoni kwenye tundu la sikio, akacheza mlio mfupi wa "tik", akasikiliza kinachofuata. Kwanza uliitikia mlio wenyewe ukipiga kwenye kuta za tundu, na huo ulikufa upesi. Halafu, baada ya kama milisekunde 5 na kuendelea hadi 15 au 20, ikatokea sauti nyingine. Mwangwi wa ngoma ya sikio, ambayo haiko mbali hata sentimita tatu, haungechelewa hivyo. Masikio ya viziwi hayakuitoa, wala kikopo kitupu cha majaribio hakikuitoa. Kemp alichapisha matokeo mwaka 1978, miaka 30 baada ya Gold, na hapo ndipo wengi walipokubali kwamba sikio hujibu.

Kilichobaki ni kujua nani hasa anayesukuma pembea, na jibu ni zile safu tatu za nje. William Brownell na wenzake walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba seli moja ya nje, ikitengwa peke yake na kupitishiwa umeme, hufupika na kurefuka. Muda mfupi baadaye Jonathan Ashmore, nchini Uingereza, alipitisha umeme wa muziki kwenye seli kama hiyo iliyokuwa chini ya hadubini, na filamu yake imeonyeshwa kwenye madarasa mengi: seli iliyo kama kimrija, urefu wake haufiki sehemu ya kumi ya milimita, inanyanyuka na kushuka kwa mapigo ya muziki kama mtu aliyesimama ngomani akajisahau. Nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu na bado hunichekesha.

Seli hiyo hufanya hivyo kwa protini iitwayo prestini, iliyogunduliwa mwaka 2000 katika maabara ya Peter Dallos, Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Jina lake linatokana na neno la muziki lenye maana ya "upesi sana", na linastahili. Mawimbi yanapoviinamisha vinyweleo vya seli, chembe zenye chaji ya umeme huingia na umeme wa seli hubadilika. Mamilioni ya molekuli za prestini zilizojazana kwenye ukuta wa seli hubadili umbo papo hapo, na seli nzima hufupika au kurefuka, kwa asilimia 4 hadi 5 pale inapochochewa kwa nguvu. Misuli ya mkono wako hujikunja kwa kuchoma chakula chake yenyewe, na kwa hiyo ina mwisho wa kasi. Prestini hufuata umeme tu, kwa hiyo huweza kukimbizana na sauti ya maelfu ya mitetemo kwa sekunde. Betri ya kuuendesha mtambo huu iko kwenye ukuta wa koklea: majimaji yanayoviogesha vinyweleo huwekwa kwenye kiwango cha kama milivolti 80 chanya, na kuyadumisha hapo hugharimu damu na oksijeni bila kupumzika. Ndiyo maana koklea ya maiti ni kanuni iliyozama majini.

Faida ya gharama hiyo ni kubwa. Panya waliotengenezwa bila prestini, katika utafiti wa mwaka 2002, walipoteza desibeli 40 hadi 60 za usikivu, maana yake sauti ililazimika kuwa na shinikizo mara 100 hadi 1,000 zaidi ili wasikie. Mtu aliyepoteza seli za nje hawi kiziwi wa kutosikia radi, kwa kuwa seli za ndani bado zipo. Hukosa minong'ono, hukosa mwisho wa maneno, na penye watu wengi husema "nasikia lakini sielewi".

Sasa kwa nini nguvu hiyo irudi nje? Seli za nje hazikupangwa kwa usawa kamili kama vigae vya fundi hodari. Hapa moja imekaa upande, pale nyingine imekosekana. Wimbi linalosafiri ndani, likiwa limekuzwa, hukutana na vikwazo hivyo vidogo, na sehemu yake hugeuka na kurudi lilikotoka. Likifika kwenye kikuku hukisukuma kwa nyuma, vifupa vitatu hucheza kinyumenyume, na ngoma ya sikio hugeuka kuwa spika. Sauti nyembamba hurudi mapema kwa sababu mahali pake ni karibu na mlango. Sauti nene huchelewa kwa kuwa ilikwenda mbali. Kwenye mchoro wa mashine jambo hili huonekana wazi kabisa: mistari iliyosongamana mwanzoni, kisha mawimbi mapana zaidi yakifuata.

Katika watu wengi wenye usikivu mzuri lipo pia lile yowe la Gold. Wimbi linalorudi hugonga kikuku, sehemu yake hurudishwa tena ndani, hukuzwa upya, na mzunguko hujiendesha bila "tik" yoyote. Matokeo yake ni mlio mwembamba mmoja au kadhaa inayotoka sikioni saa zote, na kila mlio hubaki karibu palepale kwa miaka mingi. Wanawake wanayo zaidi kuliko wanaume, na sikio la kulia zaidi kuliko la kushoto. La kwangu la kulia lina mlio mmoja karibu na mitetemo 1,500 kwa sekunde. Nimeuona kwenye kioo mara nyingi na sijapata kuusikia hata siku moja. Jambo hili halikuwekewa binadamu peke yake. Vyura, bundi na mijusi, wakiwemo jamaa wa mjusi kafiri, nao masikio yao hulia, ingawa mijusi hawana seli za nje kama zetu na mtambo wao unaendeshwa na vinyweleo vyenyewe.

Njia nyingine ya kuliuliza sikio swali ni kulichezea milio miwili kwa pamoja. Tukicheza mlio wa mitetemo 2,000 na wa mitetemo 2,400, sikio zima hurudisha wa tatu ambao hatukuucheza, wa mitetemo 1,600, yaani ule wa kwanza mara mbili kutoa wa pili. Mpiga fidla Giuseppe Tartini alizisikia sauti za tatu za jamii hii katika karne ya 18, miaka mingi kabla ya mtu kujua zinatoka wapi. Mashine nyingi za hospitali hutumia njia hii, hasa kwa watu wazima.

Turudi kwa mjukuu. Kwa maelezo yako nadhani alipimwa kwa njia ya "tik". Ndani ya kile kizibo laini mna spika na maikrofoni vya ukubwa wa punje, na mashine hupiga milio mamia kadhaa kwa muda mfupi. Huenda ukajiuliza, kama sauti ya sikio ni hafifu hivyo, mara nyingi haifiki desibeli 20 ilhali mnong'ono hufika kama 30, mashine inaitofautishaje na pumzi ya mtoto, na friji ya jikoni, na mwangwi wa ukuta wa sikio? Kwa hila mbili. Ya kwanza, majibu huwekwa katika vikapu viwili, hili la kwanza humu, la pili mle, la tatu humu tena, kisha wastani wa kila kikapu hulinganishwa. Kelele hazijirudii kwa namna ile ile, kwa hiyo katika wastani hufutana. Kinachofanana katika vikapu vyote viwili ndicho cha sikio. Hila ya pili naiona nzuri zaidi. Mashine hupiga "tik" tatu ndogo, kisha moja kubwa mara tatu iliyogeuzwa kinyume, na kuyajumlisha majibu manne. Kitu kisicho na uhai, kama plastiki au ukuta wa tundu, hujibu kwa uwiano, kwa hiyo tatu ndogo na moja kubwa iliyogeuzwa huwa sifuri. Sikio lililo hai halijibu kwa uwiano: hukuza sana sauti ndogo na kuikuza kidogo tu ile kubwa. Hesabu yake haifiki sifuri, na salio hilo ndilo jibu lililomfurahisha mpimaji. Mtoto kuamka hakuhitajiki hata kidogo, tena sisi wapimaji hupenda alale, maana mtoto anayenyonya au kulia ni kelele tupu.

Hapa nina neno la tahadhari kwa pande zote mbili. Kwanza, ingekuwa sikio moja halikujibu, isingekuwa na maana kwamba mtoto hasikii. Sauti hii lazima ipite sikio la kati mara mbili, kwenda na kurudi, na katika siku za mwanzo baada ya kuzaliwa watoto wengi bado wana majimaji nyuma ya ngoma au uchafu kwenye tundu. Wengi wanaorudiwa kupimwa hukutwa wazima. Pili, na hili watu hulisahau, jibu zuri huthibitisha uzima wa seli za nje na njia ya kutokea tu. Halisemi lolote kuhusu neva wala ubongo. Wako watoto wachache ambao seli za nje hujibu vizuri kabisa lakini habari haifiki juu ipasavyo, na miongoni mwa sababu zake ni umanjano mkali wa watoto wachanga na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Kwa ajili hiyo, watoto waliolazwa kwenye uangalizi maalumu kwa zaidi ya saa 48 huko uliko hupimwa pia kwa vigusio vya umeme vinavyobandikwa kichwani, ambavyo husoma mwitikio wa neva. Mjukuu wako kama alizaliwa salama na hakulazwa, hana sababu ya kupimwa hivyo sasa. Lakini upungufu wa kusikia unaweza kuja baadaye, kwa mfano baada ya homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo mama yake akiona hageukii sauti au maneno yanachelewa, aombe kipimo tena, asionyeshe karatasi ya siku tisa kama kinga.

Seli za nje ndizo hutangulia kufa, nazo kwa binadamu haziotei tena. Kelele kubwa huziua. Baadhi ya dawa huziua pia, kuanzia zile za karibu na mlango zinazoshughulikia sauti nyembamba: streptomaisini, amikasini, gentamaisini ikitumiwa kwa wingi, na sisplatini ya saratani. Wengi huku kwetu waliotibiwa kifua kikuu sugu kwa sindano za kanamaisini walipona mapafu wakabaki na masikio mabovu, na tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani halipendekezi tena dawa hiyo kwa ugonjwa huo. Katika wagonjwa wa namna hii sauti ya sikio huweza kufifia kabla mgonjwa mwenyewe hajahisi lolote, na hapo daktari hupata nafasi ya kubadili dawa.

Ama kuhusu kuvuma kwa sikio lako usiku, karibu kwa hakika si sauti hii. Ni watu wachache tu ambao mlio wanaousikia ni ule unaotoka kwenye koklea yao. Ushahidi ninaoupenda ni aspirini. Mwaka 1984 Dennis McFadden na mwenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba aspirini ikitumiwa kwa kiasi kikubwa kwa siku chache huizima milio ya sikio inayojiendesha. Dawa hiyo hiyo, kwa kiasi hicho hicho, huwaletea watu kuvuma kwa masikio. Kama vingekuwa kitu kimoja, dawa isingeweza kukizima na kukiwasha kwa wakati mmoja. Kwinini nayo, ambayo sote tuliokulia kwenye malaria tunaijua kwa mlio wake masikioni, hudhoofisha sauti za sikio badala ya kuziongeza. Na umri ukisonga, sauti za sikio hupungua, wakati kuvuma huongezeka. Kwa sehemu kubwa kuvuma hutokea pale seli zinapopungua na ubongo, ukikosa habari uliyoizoea, huongeza usikivu wake hadi ukasikia msukosuko wa neva zake wenyewe. Usiku huzidi kwa sababu nyumba imetulia. Nenda ukaangaliwe nta ya sikio, upimwe usikivu na shinikizo la damu, na uzitaje dawa zote unazokunywa. Lakini kama kunavuma sikio moja tu, au kunapiga kwa mwendo wa moyo, au kumekuja na kizunguzungu, usingoje kurudi Mombasa.

Swali lako la mwisho ndilo lililonifurahisha. Ukimwekea mtoto sikio, hutaisikia sauti yake. Imo ndani ya tundu dogo, na ikitoka hewani hutawanyika. Imewahi kutokea kwa nadra: mwaka 1971, kabla ya Kemp, madaktari wa Uingereza waliandika kuhusu familia moja ambayo masikio ya baba na watoto wake wawili yalitoa mlio mwembamba uliosikika na watu waliokuwa karibu, na mwaka 1984 aliandikwa mbwa wa namna hiyo. Utakachosikia kwa mjukuu ni pumzi yake na pengine mvumo kama wa kombe la bahari, nao huo ni kelele za chumbani zinazozungukia katika uwazi ulio kati ya masikio yenu. Ukitaka kuisikia sauti ya mwili wako bila mashine, ziba sikio lako kwa ncha ya kidole gumba na ukaze ngumi: utasikia ngurumo nzito ya chini, ambayo ni misuli ya mkono ikitetema. Legeza ngumi nayo hupungua.